Jirani Aliyeomba Maji Niliyoogea

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kindu, wakati wa Zaire. Anayetaka kucheka acheke. Mimi mpaka leo nikisikia mtu anameza maji kwa sauti, naondoka hapo.

Tulikaa katika majengo ya ghorofa ya wafanyakazi wa serikali. Mume wangu alikuwa karani. Bomba lilikuwa moja tu, uani, na maji tuliyapandisha kwa ndoo. Ghorofa ya juu yetu akahamia mjane kutoka Punia, Mama Zaituni, mtu mpole wa sauti ndogo. Siku ya tatu alinikuta kwenye ngazi nimebeba beseni la maji niliyoogea, naenda kumwaga.

"Mama, usimwange ile mayi. Unipatie."

"Iko muchafu, mama. Iko na sabuni, iko na jasho."

"Njo ile ninataka. Nitapanguzia chini."

Nikampa. Maji yalikuwa shida, ningemnyimaje? Ikawa kila asubuhi anakuja kuchukua beseni, na jioni analirudisha kavu, linang'aa kama limerambwa. Limerambwa! Wakati ule neno hilo wala halikunijia.

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima kwa kila raia, wote tulikuwa uani tukifyeka majani, ila yeye. Beseni la jana alikuwa bado nalo, nikapanda kulifuata. Mlango ulikuwa wazi. Niamini: alikuwa amepiga magoti, uso ndani ya beseni, anakunywa. Maji yangu, yenye ukoko wa sabuni na nywele zangu! Koo lake likilia glu, glu, kama la mbuzi. Kisha akainua kichwa. Ute wa kijivu ulimtiririka kidevuni, na uso ule ulikuwa wangu. Macho yangu, kovu langu la shavuni, hata pengo langu la jino.

"Bado kidogo," alisema, kwa sauti yangu.

Nilitapika pale mlangoni, nikashuka ngazi nikitapika. Wanaume walipopanda walikuta chumba kitupu. Sakafu ilikuwa vumbi tupu, haijapanguzwa hata siku moja.

Tulihama mwezi uleule. Miaka ikapita, shemeji yangu akarudi kutoka Kampene amenuna.

"Nilikusalimia ku soko, ukanipita kama haunijue!"

Kampene mimi sijakanyaga maishani.

Basi wewe unayenisikiliza, maji uliyoogea uyamwage mwenyewe, na usiondoke hapo mpaka ardhi iyanywe yote.