Kadi Kwenye Kopo la Biskuti

Mama yangu alipohitaji upasuaji, benki ilitaka nisubiri. Mama mmoja muuza vitenge wa kata yetu ya Sokon I hakuniambia nisubiri. Alinipa fedha siku hiyo hiyo, na chai juu, na dhamana aliyotaka ilikuwa kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Mtaani mikopo ya namna hiyo huitwa kausha damu. Mimi, mwalimu mzima, nilijua hilo na nikakopa. Leo mama yangu yu hai, analima mahindi yake Nduruma, kwa hiyo anayetaka kunihubiria anihubirie taratibu.

Kila mshahara ulipotoka, yule mama alikwenda kwenye mashine na rundo la kadi zetu, akatoa fedha, akakata chake, nasi tukapanga foleni dukani kwake kupokea makombo. Walimu na manesi tulimpa shikamoo kwa adabu zaidi kuliko tunavyowapa wakubwa wetu kazini. Hakuwahi kumfokea mtu. Upole wake ndio ulionitisha. Nilipopandishwa daraja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza, maana aliuona mshahara wangu kabla yangu.

Mume wangu naye ni mwalimu na benki yetu ni moja. Kadi zilifanana mno, nikaipaka yake doa la rangi nyekundu ya kucha tusije tukazichanganya. Muda mfupi baada ya mimi kukopa, akasema kadi yake imemezwa na mashine, benki watampa nyingine. Sikumuuliza tena, kwa sababu fedha alileta. Mwanzoni alileta nyingi, akasema ni za twisheni. Baadaye zikapungua, akasema wanafunzi wamepungua. Nilimhurumia. Nilichokitaka ni kimoja tu: nimalize deni, nirudi na kadi yangu, nyumba yetu isidaiwe na mtu.

Siku ya kumaliza nilivaa gauni la kanisani. Yule mama alinipongeza, akateremsha kopo la biskuti kutoka rafu ya juu, akaanza kuzipekua kadi kwa kidole. Yangu ilipotoka, niliiona iliyokuwa chini yake. Ilikuwa na doa jekundu.

Nikamuuliza hiyo ni ya nani, ingawa nilijua.

“Shemeji alikuja miezi miwili baada yako,” alisema. “Alisema makato yako yamewabana, watoto hawashibi. Akaniomba usijue.”

Kwa hiyo twisheni niliyokuwa nikimshukuru Mungu kwa ajili yake ilitoka humu humu. Nilitaka kumkasirikia mume wangu, hasira ikagoma. Nilichokuwa nacho ni hofu.

Yule mama hakulifunga kopo. Alinisukumia kigoda kwa upole ule ule.

“Yake bado sana, mwalimu,” akasema. “Hiyo yako unaondoka nayo, au niiweke tu pamoja na ya shemeji, mlipe wote wawili?”

Niliishika kadi yangu kwa mikono miwili. Kisha nikakaa.