Amina Yetu na Hoteli ya Zamani

Mwezi uliopita chifu alituita barazani hapa Mwingi tuseme kama hoteli ya zamani ya stendi ibomolewe ijengwe ghorofa. Nilienda na mtoto mgongoni, nimejipanga kukataa, kwa sababu mume wangu huendesha lori la Garissa, na ni kwenye kaunta ya hoteli hiyo madereva huacha habari: fulani amefika, fulani ameharibikiwa njiani.

Chifu akamwomba mzee wa kanisa afungue kwa maombi. Mzee akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa mifugo, "na kwa ghorofa hii unayotujengea." Tukaitikia Amina, sote.

"Basi mmekubali," chifu akasema, akafunika kalamu.

Mama aliyekaa kando yangu akanigusa kiwiko. "Mwanangu, wewe si umesoma? Sema."

"Mama, nitapinga maombi?"

"Hata mimi nimeitikia," akasema, akiangalia chini.

Kwetu mtu anaweza kubishana na chifu, lakini Amina hairudishwi mdomoni.

Sasa mabati ya hoteli yameng'olewa, na kaunta haipo tena. Mume wangu amepitisha siku nne bila kurudi, nimezunguka mji na mtoto nikiuliza, na wenye maduka bado wananiambia, "Uliza hotelini."