Fundo la Mama Mbele ya Majaji wa Rufaa

Mimi darasa la sita sikumaliza, lakini leo wazee wa Ukkel, mtaa wa huku ughaibuni, wanaamshwa na kulazwa na wafanyakazi wangu. Kitambaa cha kumwinulia mgonjwa kitandani nilikibuni mwenyewe: kinapita chini ya mapaja yake, kinapanda mgongoni kwa mshazari, kinafungwa kwenye bega la anayemwinua kwa fundo moja. Mtu mmoja anatosha. Zamani walihitajika wawili. Nikapewa breveti, yaani hati kwamba ubunifu ule ni wangu.

Kampuni moja kubwa ikataka hati ifutwe. Eti ni jambo la wazi, fundi yeyote wa vifaa vya wagonjwa angeliwaza. Wakashindwa, wakakata rufaa.

Wakili wangu, mwanamke mkali, alinionya kwenye ngazi za mahakama: "Papa, anayesema ni jambo la wazi ndiye wa kuthibitisha. Kazi yako leo ni kunyamaza."

"Kunyamaza? Mimi?"

"Jifanye umeng'olewa jino."

Bon, nikanyamaza. Wapinzani wakaleta picha za mashine, za minyororo, za mikanda ya hospitali. Hakuna hata moja iliyokaribia. Nilikuwa nashinda, nasema kweli.

Mwishoni jaji mzee akavua miwani, akauliza kwa upole tu: "Bwana, fundo hili ulilitoa wapi?"

Wakili wangu akanikanyaga kiatu. Lakini tangu nitoke Bujumbura, hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo jibu lake ni mama yangu.

Nikasimama, nikajifunga kitambaa. Nikawaambia: nilipougua malaria utotoni, miguu yangu tayari mirefu, mama alinifunga hivi peke yake, akanibeba mpaka zahanati. Shavu langu kwenye shingo yake, jasho lake linanukia ndagala, wale dagaa wa ziwani, alizokuwa akiuza.

"Ni yeye tu aliyefunga hivyo?" wakili wa wapinzani akauliza, kalamu tayari.

"Wanawake wote wa mtaa! Ila wangu aliwashinda."

Hati ikafutwa. Wakili wangu akanisindikiza mpaka uwanja wa Flagey. "Walikuwa hawana ushahidi kwamba fundo lilijulikana kabla yako," akasema. "Umewapa wewe."

Miaka miwili ya mwisho ya uhai wake, mama aliinuliwa kitandani na majirani wawili, mimi nikiwa hapa bila karatasi za kusafiria.

Bosi mzima, lakini bibi mmoja wa Ukkel bado namhudumia mwenyewe. Kila asubuhi nikishakaza fundo, uzito wake ukanijia begani, mimi husubiri kidogo, kana kwamba ni mama, kabla ya kumwinua.