Gego la Mwisho la Ndugu Yangu

Miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni, ndugu yangu mdogo alikamatwa karibu na Njoro pamoja na wanaume wawili, akiwa na risasi mbili mfukoni mwa koti. Mimi nilikuwa nikiishi mjini, mtaa wa Bondeni, nikifua na kupiga pasi kwa familia ya karani wa reli. Hukumu ya risasi tuliijua sote. Mtu mzima alinyongwa. Aliyekuwa hajafika miaka kumi na minane alifungwa.

Umri wake hakuna aliyeujua. Mama alimzaa kwenye shamba la mzungu, msimu ambao nzige walimaliza mahindi. Alisema hivyo kortini. Hakimu akamwuliza ni nzige wa mwaka gani, maana walikuja zaidi ya mara moja. Mama akarudia kwamba ni wale waliomaliza mahindi.

Ndipo ndugu yangu akaulizwa mwenyewe. Alikuwa ametoka kutahiriwa juzijuzi tu, na kwetu aliyetahiriwa haitwi mtoto tena.

"Mimi ni mtu mzima," akasema.

Mkalimani akamtazama, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ameelewa swali.

"Nimeelewa. Mimi si mtoto."

Mama hakulia. Mimi pia sikulia. Nilikuwa nikitazama kiatu cha askari, kamba yake imefunguka, nikingoja aifunge.

Hakimu akaagiza apimwe meno. Walimpeleka hospitali na pingu mikononi, nami nikaachwa kwenye benchi nje ya chumba, mlango wazi. Daktari alikuwa mzungu wa makamo aliyeokota Kiswahili chake jikoni.

"Fungua mdomo. Fungua sana."

Ndugu yangu akakaza taya. Askari akamshika kidevu mpaka mdomo ukafunguka. Daktari akapitisha kidole nyuma kabisa, huku na huku, akipapasa ufizi bila haraka. Baadaye akampiga picha ya taya, ile inayoonyesha mifupa, akatuambia tungoje. Tulingoja sana. Aliporudi aliinua picha dirishani.

"Gego ya mwisho iko ndani ya mfupa bado," akamwambia askari. "Mizizi yake haijafunga."

"Kwa hivyo ana miaka mingapi, bwana?"

"Kumi na sita. Labda saba. Kumi na nane, hapana."

"Meno yanajua nini?" ndugu yangu akauliza. Alipopitishwa mbele yangu hakunitazama.

Nilijua nimepewa habari njema. Niliingoja furaha njia nzima, haikuja. Nikarudi kazini, mashati yalikuwa yamekauka, nikayanyunyizia maji na kuyapiga pasi. Jioni nikamwambia Mama, "Hawatamnyonga."

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Wanaume wawili waliokamatwa pamoja naye walipelekwa Nairobi, hawakurudi. Yeye alitiwa kwenye kambi ya vijana. Alipotoka alikuwa na ndevu, na Mama alikuwa amekwisha kufa. Alikaa kwangu kwa muda. Siku moja tukiwa mezani aliniambia, bila hasira, "Wale walikufa wanaume. Mimi nilihesabiwa pamoja na watoto."

Nikamwambia ale, ugali unapoa. Akala.

Baadaye alipata kazi ya kukamua ng'ombe upande wa Molo, akaoa huko. Tukikutana huzungumza habari za mvua na watoto wake.