Jini la Darasani

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, Mikumi, na somo langu hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo lile neno la urithi, ambalo vitabu vya Kiswahili huliandika jeni, mimi miaka yote nimelitamka kama Waingereza: jini. Kila mwaka kidato cha kwanza huchekeana, na kila mwaka mimi huwafokea waache utoto. Nilijua vizuri neno hilo linasikikaje. Bado lilinitoka mahali pabaya.

Binti yetu alizaliwa bila macho. Kope zilikuwepo, nyuma yake hamkuwa na kitu. Mke wangu alifiwa na mama yake zamani, kwa hiyo alijifungulia Kilosa, kwa mama yangu, na mama ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga siku zote arobaini. Nataka hilo lijulikane. Ndiye pia aliyemwogesha mtoto kwa mikono yake na kumtania, "Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume." Nilikuwa nakwenda na kurudi kila mwisho wa wiki, na hatukuona haraka ya kuwahamishia Mikumi.

Damu ya mtoto ilipelekwa nje ya nchi, na baada ya miezi mingi niliitwa Dar es Salaam kuchukua jibu. Daktari alikuwa mpole, akanichorea kwenye karatasi. Mwanzoni kabisa tumboni, alisema, mtoto ni kitonge cha seli shina, seli ambazo bado hazijaambiwa zitakuwa nini. Ndani yake imo protini iitwayo SOX2, ambayo hushika uzi wa DNA na kuwasha maagizo: hapa jengeni jicho, pale ubongo. Kila mtu ana nakala mbili za maelezo ya kuitengeneza, yaani jini yake. Kwa mwanangu moja ilikuwa mbovu, na ile iliyobaki haikutosha kumpa macho.

"Si kosa la mtu, mwalimu," aliniambia. "Mara nyingi hutokea yenyewe tu. Mara chache hutoka kwa mzazi, ndiyo maana tungependa kumpima na mama yake."

Nilimpigia mama nikiwa stendi, honi zikinipigia masikioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Ni jini, mama. Jini imeharibika. Wanataka kumpima na mke wangu, maana inaweza kutoka kwa mama."

Akasema, "Nilijua," simu ikakatika. Nikadhani mtandao. Nikapanda basi, nikalala usingizi mzuri, na usingizi huo bado unanikera.

Nilipofika Kilosa nilimkuta mke wangu kibarazani, mtoto mgongoni, mkoba mkononi, ushungi unanuka ubani. Mama alikuwa ameita mpunga pepo. Walimkalisha mke wangu mkekani, wakamfunika kanga, wakawa wanamuuliza huyo mgeni wake anataka nini na kwa nini alikula macho ya mtoto. Alikuwa ananyonyesha wakati wanamuuliza.

"Wewe ndiye uliyewaambia nina jini?" akaniuliza.

Niliwapeleka Mikumi siku ileile, kisha nikarudi kumweleza mama. Nilichora kwenye karatasi kama daktari. Hakuitazama. "Umesema kwa mdomo wako mwenyewe, na wewe ni msomi," alisema. "Leo unageuza kwa sababu mkeo kalia. Mtoto yule asiingie tena humu." Mimi ninayefokea watoto wa watu darasani, mbele ya mama nilifyata mkia. Na mke wangu naye akasema kwake hatakanyaga mpaka aitwe na mama mwenyewe.

Ikapita miaka sita. Binti alichelewa kutembea, akachelewa kuongea, na alipoanza kuongea alikuwa anatambua kila mtu kwa sauti. Majirani walijificha wakikohoa kwa makusudi, naye aliwataja. Nilikwenda Kilosa peke yangu, nikala, nikarudi. Mama hakuuliza, nami sikusema. Hilo ni kosa langu la pili, na sina lugha ya kigeni ya kulisingizia.

Kisha nyama ikaanza kumkwama mama kooni. Baadaye ugali, halafu hata uji. Ilikuwa saratani ya umio. Nilikuwa nimesoma kitu, nikamuuliza daktari wake. Akakubali: ile SOX2 ndiyo inayosaidia kujenga umio pia tukiwa tumboni, na katika uvimbe mwingi wa aina hii huonekana imezidi, seli zinakataa kukomaa, zinazaana tu. Mama hakupimwa kipimo hicho, kwa hiyo sidai kujua. Lakini nilisimama kwenye korido nikicheka vibaya, hadi nesi akanishika bega. Mtoto ilimpungukia, na huenda bibi ilimzidi. Nilikuwa na hasira na kitu ambacho hakina hata uso wa kukizaba kibao.

Safari hii nilimweleza mama taratibu, kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mkeo hakuwa na kitu?"

"Hakuwa na kitu, mama. Hata vipimo vyake vilikuwa safi."

Alilia. Nilitaka kupiga simu palepale, akanizuia. "Nitamwita mwenyewe. Niache nipate nguvu kidogo."

Nguvu haikuja. Uvimbe ulibana mishipa ya sauti, akabaki na mnong'ono, baadaye hata huo ukaisha. Siku moja alipiga simu. Mke wangu alisikia pumzi tu, akaita "Haloo, haloo," akakata, akadhani ni mtu amekosea namba. Aliponisimulia niliitazama namba, nikamwambia pumzi ile ilikuwa ya nani. Alimvalisha mtoto viatu.

Tulipofika Kilosa mama alikuwa amelala chali, amekwisha kwa ugonjwa. Mke wangu akapiga goti kando ya kitanda. "Shikamoo mama." Midomo ilicheza, marahaba haikutoka. Akamshika mkono, akamwinua mtoto na kumkalisha ubavuni pake.

Binti akakaa kimya, kichwa ameinamisha, anasubiri sauti. Akasubiri sana. Mwishowe akanyoosha mkono, akagusa kidevu, akapanda mpaka mashavuni, akakuta yameloa.

"Baba, kuna mtu hapa. Mbona haongei? Ni nani?"

"Ni bibi yako. Mama yangu mimi."

Akarudisha vidole kwenye kidevu.

"Kumbe mimi nina bibi?"

Mama alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.