Msalaba Pembeni mwa Hesabu

Marehemu mume wangu alifundisha hisabati Goma kabla hatujarudi Rwanda. Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Novemba 2016, nikiwa katika mwaka wangu wa kwanza wa sekondari, kwa umri ambao wenzangu walikuwa wakingoja wajukuu. Shule sikuiacha. Mchana niliuza vitenge karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma, jioni nikasoma, hadi nikafika mtihani wa mwisho wa sekondari ya juu. Nilifaulu masomo yote isipokuwa lile lake.

Hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, kwa sababu sikuwa nikifanya hesabu peke yangu. Kila nilipomaliza kuzidisha, nilimsikia nyuma ya bega la kushoto, kwa sauti yake ya Goma isiyo na haraka: "Donc, basi, tupime." Nami nilichora msalaba uliolala, kama alivyonifundisha mezani kwetu. Tarakimu za kila namba hujumlishwa mpaka ibaki tarakimu moja: za namba mbili zinazozidishwa hukaa kushoto na kulia, zao lao, likipunguzwa vivyo hivyo, hukaa juu, na ya jibu hukaa chini. Ya juu ikilingana na ya chini, hesabu imepita. "Iko sawa," alikuwa akisema. "Pita." Nilipita. Madaftari yangu yalijaa misalaba hiyo, na mara nyingine nilipoyafungua nilihisi kuna aliyetangulia kuyasoma.

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, nilikwenda kwa jirani yangu, mwalimu wa hisabati aliyerudi kutoka Tanzania, mwanamke ambaye ningeweza kumzaa. Nilimweleza kwamba Julai ningerudia mtihani, na kwamba mara ya tatu haitakuwepo. Aliomba kuona kazi yangu, akafunua kurasa, akatabasamu.

"Mama, mzee alikuwa mwalimu au padri? Misalaba yote hii!"

"Mwalimu," nilimjibu. "Na wewe ungeketi darasani kwake, ungeandika kimya."

Alicheka, akaomba radhi, akanipa swali. Mfuatano unaanza na hasi ishirini na sita, unaongezeka kwa mbili kila hatua, una namba arobaini na sita. Tafuta jumla yake. Njia niliijua. Namba ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja ni 38, jozi za namna hiyo ni 23. Nilizidisha, nikaandika 847. Nyuma ya bega langu mzee akasema tupime. Juu ikatoka moja, chini moja. Iko sawa, pita.

Mwalimu hakuzidisha chochote. Alilitazama jibu tu.

"Mama, namba zote hizi ni shufwa. Ukijumlisha shufwa tupu, witiri itatoka wapi?"

Jibu lilikuwa 874. Nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili za mwisho. Nilimwonyesha msalaba wangu kama mtu anayeonyesha kitambulisho mpakani. Akachukua kalamu, akaandika 874, 847, 478, akazipima zote mbele yangu: moja, moja, moja. Msalaba hugundua makosa mengi, alinieleza kwa upole, lakini haujali tarakimu imekaa wapi, wala hauoni sifuri iliyozidi. Tukarudi kwenye karatasi zangu za mazoezi. Makosa ya namna hiyo yalikuwa mengi, na pembeni mwa kila moja palikuwa na msalaba ulioliruhusu lipite.

Mtu aliyefundisha miaka ile yote hawezi kuwa hakujua. Labda alinipa kwanza kinachomtosha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akikusudia kuniongezea baadaye. Au basi sauti haikuwa yake, na ni mimi niliyemsemesha maneno hayo miaka minane. Sikumuuliza jirani yangu jambo hilo. Kila Jumamosi alinizoeza kuliuliza jibu kama linawezekana kabla ya kuliamini, na kila Jumamosi mzee alisimama palepale, akingoja nichore.

Julai, katika chumba cha mtihani, nilikutana na swali la kuchagua kamati ya watu wanne kutoka kundi kubwa, kwa sharti wawe wanawake wawili na wanaume wawili. Nilizidisha. Akasema tupime, na mkono ukachora wenyewe. Juu na chini zikalingana.

"Iko sawa. Pita."

Nililitazama jibu. Kamati zenye sharti hilo zilikuwa nyingi kuliko kamati zote zinazoweza kuundwa bila sharti lolote. Nilikuwa nimeongeza sifuri.

"Hapana, mzee," nilisema. "Haiko sawa."

Nadhani nilitoa sauti, maana msimamizi aliinua kichwa. Nilikata jibu lile, nikaandika jingine, nikatega sikio. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumpinga katika hisabati, na alikuwa mtu wa kubisha.

Nilifaulu. Nyuma ya bega langu hajarudi tangu asubuhi ile. Hata leo, nikimpimia mteja kitenge na kuzidisha mita kwa bei, husita kabla ya kutaja jumla, na mteja huniuliza kama nimesahau kuhesabu.