Aliyejua Kwamba Kompyuta Haikukosea

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba yule bwana mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko la Kibuye amefariki. Presha, walisema, na alikuwa ameketi kwenye kiti chake kilekile. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua kwamba mimi ni mtu wa kuogopa, na kwamba jambo dogo hulifikiria mpaka likawa kubwa. Lakini safari hii nilijiogopa mwenyewe. Kabla ya huzuni kufika, kabla hata sijasema pole, kifua changu kilishuka na nikapumua. Mtu amekufa, ameacha mke na watoto, nami nimepata nafuu, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua siri yangu. Tangu siku hiyo sijatulia.

Hakuwa rafiki yangu wala ndugu. Alikuwa mtu ambaye vijana wengi wa mtaa wetu walimpitia baada ya kidato cha nne, kwa kuwa kozi za chuo kikuu huchaguliwa mtandaoni na nyumbani hatukuwa na kompyuta. Alikuwa na desturi yake. Akishajaza kila kitu, aliondoa mkono, akakusukumia kipanya, akasema, "Taja kozi yako kwa sauti, halafu ubonyeze mwenyewe. Mimi sibonyezi maisha ya mtu." Zamu yangu ilipofika nilikuwa na alama za kuingia uuguzi, kozi ambayo Baba alikuwa ameshaitangaza sokoni kana kwamba tayari nimevaa sare. Mimi nilitaka lugha ya Kiarabu na utamaduni wake. Mapenzi hayo yalianzia kwenye kamusi ya Kiswahili ya shule, nilipogundua kwamba maneno mengi niliyoyapenda yalikuwa na alama ndogo ya kuonyesha kwamba yalitoka huko. Hata wasiwasi, ugonjwa wangu, una alama hiyo. Nilitaka kuona kwao maneno hayo kulivyo. Nikataja kozi yangu kwa kunong'ona.

"Sijasikia," alisema.

"Kiarabu."

Foleni nzima ikacheka. "Huyu anaenda kuolewa Dubai!" kijana mmoja akapaza sauti. "Tutakula tende mpaka tuchoke!"

Yule bwana hakugeuka. "Na wewe umeandika uhandisi wa ndege, na juu ya boda unafumba macho. Mwache msichana." Kisha akaniuliza taratibu, "Baba yako anajua?" Nikasema nitamwambia nikifika nyumbani. Nikabonyeza.

Sikumwambia. Majibu yalipotoka, Baba aliishika simu yangu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akasoma tena. Alipouliza hiki ni nini, maneno yalinitoka yenyewe: kompyuta ya serikali ndiyo imeniweka huko. Aliamini papo hapo. Siku ya pili akanichukua mpaka saiba kuandikiwa barua ya malalamiko.

"Andika: kompyuta yenu imekosea," Baba aliamuru, amesimama nyuma ya kiti.

"Mzee, una uhakika ni kompyuta?"

"Sasa itakuwa nani, bwana? Mtoto wangu hata mlango wa msikiti hajui uko upande gani. Atajichagulia Kiarabu?"

Vidole vya yule bwana vilibaki juu ya kibodi. Alinitazama. Mimi niliitazama printa kana kwamba ndiyo itakayojibu. Mwishowe akaandika, akaikunja barua, lakini hakumpa Baba. Alinipa mimi. "Mwenye kozi ndiye ataipeleka posta," alisema. Baba alipotangulia nje, akaongeza kwa sauti ya chini, "Binti, hii sasa ni yako. Ukiituma ni wewe. Usipoituma, pia ni wewe."

Sikuituma. Iko ndani ya kamusi yangu ya Kiarabu mpaka leo, na Baba bado anangoja jibu. Kutoka hapo, kila nilipopita mbele ya saiba, yule bwana aliniuliza swali moja tu. "Umeshamwambia?" Bado. "Haya." Hakunitisha hata siku moja, hakumpenyezea Baba neno. Miaka minne ya chuo ikaisha, nikahitimu, swali likabaki lilelile. Mwishoni nilianza kuzunguka kwa njia ya wauza makaa ili nisiulizwe. Ndiyo maana sikumwona miezi yake ya mwisho.

Nimefikiria sana, pengine kupita kiasi, kwa nini uongo wangu ulikubalika kirahisi hivyo. Nadhani ni kwa sababu wote tunausema. Ukienda ofisini faili imepotea, utaambiwa mfumo umegoma. Mgonjwa akikosa jina kwenye orodha, mfumo umekataa. Hakuna aliyeamua, hakuna aliyesahau, hakuna aliyechagua. Tumepata wa kulaumiwa ambaye hasikii wala hakasiriki. Lakini uongo huo una njaa. Nilipopata alama za juu chuoni, Baba alinipa pole. Niliposoma ukurasa wangu wa kwanza wa Kiarabu bila kufungua kamusi, nilifunga mlango ili nifurahi peke yangu. Nilipata nilichokitaka, nikaishi nacho kama mtu aliyekiiba.

Jumamosi iliyopita tulimzika kwao, Asembo Bay. Baba alisisitiza kuja, yeye na mdogo wangu wa kike. Wakati wa rambirambi akaomba kipaza sauti. "Huyu alikuwa mtu wa ukweli," alisema. "Aliniandikia barua kwa serikali juu ya mtoto wangu. Mpaka leo hawajajibu." Waombolezaji waliguna kwa huruma, mama mmoja akanishika bega. Nilikuwa nimeketi mita chache kutoka kwenye jeneza, na nilihisi kwamba swali litatoka humo. Tukiwa njiani kurudi, Baba akamgeukia mdogo wangu, ambaye amemaliza shule na anataka kusomea mambo ya samaki na ziwa. "Siku ya kuchagua kozi ikifika, nitakaa mbele ya kompyuta mimi mwenyewe, nyara, binti yangu. Nitabonyeza uuguzi kwa kidole changu. Haitanidanganya mara ya pili." Mdogo wangu aligeuza uso dirishani, nami nikaona kwamba deni langu atalilipa yeye.

Nililojifunza kwa marehemu ni hili: ukificha kwamba ulichagua, mwingine ndiye atakayenyang'anywa nafasi ya kuchagua. Nimelijua kwa kuchelewa.

Baba, najua unasoma safu hii kila Jumapili kwenye meza yako ya viatu pale Kibuye, tena kwa sauti, ili majirani wasikie mtoto wako ameandika nini. Ukifika hapa nyamaza kidogo, sehemu hii isome peke yako. Kompyuta haikukosea. Nilichagua mwenyewe, nikakuogopa, na ninakuogopa hata sasa. Barua nitakuletea leo, haijawahi kufika posta. Nikasirikie mimi. Lakini mkifika saiba, kaa kando ya mdogo wangu, mwache ataje kozi yake kwa sauti, hata kama hutaipenda, halafu umsukumie kipanya.